Ya Kweli ni Ipi?

Jioni moja ya mwaka 2023 mpwa wangu alinijia nyumbani Tanga, akaketi barazani bila kuvua viatu, nami nikajua ana jambo. Baada ya shikamoo na salamu za mama yake alinyamaza kitambo, kisha akanisogezea simu yake. Kwenye kioo palikuwa na roketi ndogo inayopaa gizani, na juu yake namba zinaongezeka: moja na nusu, mbili, tatu na robo. Ghafla roketi ikapasuka.

"Hapo, Mjomba," alisema, "kama hujatoa hela kabla haijapasuka, imekwenda."

Ada yake ya muhula mzima ilikuwa imekwenda hivyo, kwa siku nne. Lakini hakuja kutubu. Wenzake chuoni walikuwa wamemwambia kwamba mchezo aliokuwa akiucheza ni wa kuiga, kwamba upo wa asili, wenye kidege badala ya roketi, na ule ndio unaolipa. Alitaka nimkopeshe, ajaribu ule wa kweli.

Usiku ule sikumjibu. Nilimwambia alale, tutazungumza. Naam, nililala mimi nikiwa na swali lake kichwani, kwa kuwa nimefanya kazi ya uchapaji miaka thelathini, na habari ya kitu cha kweli na kitu cha kuiga ninaifahamu kutoka jikoni. Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya ugomvi wa wenye kamari na waigaji wao, na hapa nitaeleza niliyoyakuta, pamoja na jambo moja langu mwenyewe ambalo sikuwahi kuliandika.

Tuanzie mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1890, katika mji wa San Francisco huko Marekani, fundi mmoja mzaliwa wa Bavaria aitwaye Charles Fey alitengeneza mashine ya kamari yenye magurudumu matatu. Ukitumbukiza sarafu ya senti tano na kuvuta mkono wa chuma, magurudumu yalizunguka, yakasimama moja baada ya jingine yakionyesha kiatu cha farasi, alama za karata au kengele. Kengele tatu zikikaa mstari mmoja, mashine yenyewe ilitema sarafu kumi. Aliiita Liberty Bell, yaani Kengele ya Uhuru. Mashine zote za namna hiyo zilizofuata duniani, za chuma na za kwenye simu, ni wajukuu wa hiyo moja.

Je, Fey aliilindaje akili yake? Hakuwa na njia. Mwaka 1897 mahakama ya shirikisho ya huko huko kaskazini mwa California ilikuwa imekataa kulinda hataza ya mashine ya kamari, kwa hoja kwamba kitu kisicho na kazi nyingine ila kamari hakina manufaa ambayo sheria inayataka. Ilipita miaka themanini kabla bodi ya rufani ya ofisi ya hataza ya Marekani haijaiacha hoja hiyo, mwaka 1977. Basi Fey akafanya alilofanya kila fundi asiye na mlinzi: aliificha kazi yake. Hakuuza mashine hata moja. Alizipanga mwenyewe katika baa za mji, akagawana mapato na wenye baa nusu kwa nusu.

Kuficha nako kuna mwisho wake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1905 mashine yake moja iliibwa baa, ikasafirishwa hadi Chicago, kwenye kiwanda cha Mills Novelty. Iwe ni wizi au namna nyingine, haukupita muda kiwanda kile kilianza kutoa mashine yenye magurudumu matatu na kengele, kwa wingi ambao Fey asingeweza kuuota. Na karakana yake Fey iliteketea katika tetemeko na moto wa San Francisco wa mwaka 1906. Waigaji wa Chicago nao wakaongeza lao. Kwa kuwa kamari ilipigwa marufuku mahali pengi, waliipaka mashine picha za matunda na kudai kwamba inauza chingamu tu. Ndiyo maana hadi leo Waingereza huziita mashine hizo kwa jina la matunda.

Tuvuke bahari sasa, twende Uingereza, ambako kamari iliingia katika karatasi na kunihusu mimi zaidi. Mwaka 1922 mtu wa Birmingham, John Jervis Barnard, alibuni kuponi ya kubashiri matokeo ya mpira: wachezaji wanaweka fedha katika fungu moja, mwenye mchezo anakata chake, na kinachobaki wanagawana waliopatia. Mwaka uliofuata vijana watatu wa ofisi ya simu za maandishi mjini Liverpool, mmoja wao John Moores, waliichukua kuponi ile na kuiga utaratibu wake. Kwa kuwa waliogopa kufukuzwa kazi, hawakutumia majina yao ya kawaida. Walitumia Littlewood, jina ambalo mmoja wao alizaliwa nalo kabla hajalelewa na ndugu. Waligawa kuponi 4,000 nje ya uwanja wa Old Trafford, zikarudi 35. Wakagawa 10,000 mjini Hull, ikarudi moja. Wenzake wawili wakajitoa, Moores akanunua sehemu zao. Kampuni ile iliyoanza kwa kuiga ndiyo iliyomfanya kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi yake. Aliyebuni, Barnard, wachache wanamkumbuka.

Lakini kuponi haiwezi kuwako bila orodha ya mechi, na orodha ni ya nani? Viongozi wa Ligi ya Uingereza hawakuipenda kamari ile. Mwishoni mwa Februari 1936 walijaribu kuiua kwa kuficha ratiba: walibadilisha mechi na kuzitangaza dakika za mwisho, ili kuponi zisichapwe kwa wakati. Mashabiki nao hawakujua timu yao inacheza na nani. Viwanja vikapungua watu, vilabu vikanung'unika, na baada ya majuma mawili vita vile vikakoma. Miaka ishirini na mitatu baadaye Ligi ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1959 iliishitaki Littlewoods, na Jaji Upjohn akaamua kwamba ratiba ya mechi ni kazi yenye hakimiliki. Tangu hapo kampuni za kuponi zililipa nusu asilimia ya fedha zote zilizowekwa. Msomaji ataona jambo la ajabu hapa: Ligi iliyosema kamari inauchafua mpira haikurudi tena kutaka ikomeshwe, ilitaka sehemu yake.

Kesi ya tatu ndiyo iliyonigusa, kwa kuwa ni kesi ya karatasi tupu. Kampuni ya William Hill ilikuwa na kuponi yake ya mpira yenye viwango maalumu vya malipo, iliyopangwa katika orodha 16, kila orodha na namna yake ya kubashiri. Mwaka 1959 kampuni ya Ladbroke iliingia katika biashara hiyo, ikatoa kuponi yenye orodha 15 kati ya zile, kwa mpangilio ule ule. Viwango vya malipo walipiga hesabu wenyewe. Sura ya karatasi waliichukua. Walipofikishwa mahakamani walijitetea kwamba akili ya William Hill ilitumika kuchagua namna za kubashiri, na hilo ni wazo la biashara, wala mawazo hayana hakimiliki; kupanga karatasi ni kazi ndogo ambayo mtu yeyote angeifanya. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Mwaka 1964 Malodi waliikataa hoja hiyo. Walisema huwezi kuikata kazi moja vipande viwili, akili upande huu na karatasi upande ule, kisha ukasema karatasi haina kitu. William Hill akashinda.

Hapa sina budi kusimama, kwa sababu mwaka 1976 nami nilifanya kazi ile ile ya Ladbroke.

Nilikuwa mpangaji wa herufi katika matbaa moja ndogo hapa Tanga. Mtaani kwetu alikuwako mzee mmoja, karani mstaafu, aliyeendesha mchezo wa kubashiri mechi. Kila juma alitoa karatasi yenye mechi nane. Ukiweka senti hamsini na kupatia zote nane, alikulipa shilingi 500, zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Karatasi yake aliichora mwenyewe kwa rula: visanduku vitatu kwa kila mechi, nafasi ya jina, kipande cha kuchana ubaki nacho. Ilikuwa karatasi safi, ambayo hata asiyejua kusoma sana hakuikosea.

Siku moja mfanyabiashara mmoja alileta karatasi ile matbaani, akasema, "Nitengenezee kama hii, badilisha jina tu." Niliijua ni ya nani. Niliibadilisha jina, nikaweka wino wa bluu badala ya mweusi, nikachapa elfu mbili. Bosi wangu aliridhika, nami nilipata ziada kidogo siku ya mshahara. Mfanyabiashara yule alikuwa na vijana wa kuzungusha karatasi hadi sokoni na bandarini. Kabla mwaka haujaisha mzee alikuwa ameacha.

Alinijia siku moja baada ya saa za kazi. Nilidhani atagomba. Alisema tu, "Mwanangu, ile karatasi niliichora mara kumi na mbili mpaka watu wakaacha kukosea." Kisha akanipa ile ya mwisho aliyobaki nayo, akasema ninaweza kuitunza, kwani yeye haina kazi kwake tena. Sijapata kujua kama alinipa kwa wema au kwa kunisuta. Ninayo mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba mwigaji alikuwa mbaya kuliko mzee. Na kweli kulikuwa na tofauti. Mzee alijua sura za watu wake. Niliwahi kumwona akimrudishia mke wa mvuvi shilingi mbili ambazo mumewe alikuwa ameziweka, akamwambia mumewe asije tena juma lile. Vijana wa karatasi ya bluu hawakumjua mvuvi wala mkewe. Mwigaji huichukua karatasi. Haya ya mwenye karatasi haichukuliki. Niliamini hivyo, na kwa sehemu ninaamini hata sasa. Lakini tuendelee, kwa maana habari haikuishia kwenye karatasi.

Kamari ilipoingia katika intaneti, ugomvi ulirudi kwa sura mpya. Bodi ya mbio za farasi ya Uingereza ilikuwa na hifadhidata kubwa ya farasi, wapanda farasi, na mbio za kila siku, iliyoigharimu takriban pauni milioni 4 kwa mwaka kuitunza. Kampuni moja ya kubashiri ilipoanza kuonyesha mbio hizo katika ukurasa wake wa intaneti, bodi ikaishitaki. Kampuni hiyo ilikuwa ni nani? Ilikuwa ni William Hill yule yule, aliyelia mwaka 1964 kwamba ameigwa. Sasa alikuwa upande wa pili wa chumba.

Mwaka 2001 alishindwa katika Mahakama Kuu. Akakata rufani, na shauri likapelekwa katika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Tarehe 9 Novemba 2004 mahakama ile ilitoa hukumu ambayo kwa mtu wa kawaida inahitaji kusomwa mara mbili. Ilisema sheria ya hifadhidata humlinda anayetumia gharama kutafuta, kuhakikisha na kupanga habari zilizokwisha kuwako. Gharama ya kuziumba habari zenyewe haihesabiwi. Bodi ya farasi haikuokota habari kwamba farasi fulani atakimbia saa nane. Yenyewe ndiyo iliyoamua hivyo. Kwa hiyo muumbaji akakosa ulinzi ambao mkusanyaji angeupata. Siku hiyo hiyo kampuni za bahati nasibu na kubashiri za Finland, Sweden na Ugiriki nazo zilishinda juu ya ratiba za mpira za Uingereza. Na tarehe 1 Machi 2012, katika kesi iliyohusu kampuni ya Yahoo, mahakama hiyo iliamua kwamba hata hakimiliki haiilindi ratiba kwa sababu ya jasho na ustadi tu; lazima mpangaji awe ametumia uhuru wake wa kubuni. Hukumu ya mwaka 1959, iliyoilisha Ligi kwa miongo mingi, ikaishiwa nguvu.

Je, ni haki? Nimelitafakari hilo kama mpangaji wa herufi. Ninaona majaji wa Ulaya walikuwa na sababu: haifai mtu amiliki habari kwamba timu mbili zitakutana Jumamosi. Lakini ninawaona pia Malodi wa 1964, waliojua kwamba karatasi nzuri haijichori. Mzee wetu angeshinda London mwaka 1964. Mwaka 2012 sijui kama wangemwona kuwa amebuni au ametoka jasho tu.

Sasa nimrudie mpwa wangu na roketi yake. Michezo ya namna ile, ambayo namba inapanda na mchezaji anapaswa kujitoa kabla ya kuanguka, haikuanza na roketi, wala haikuanza na kidege. Mwaka 2014 ulikuwako katika intaneti mchezo wa bitcoin wenye mstari tu unaopanda na kukatika. Mwaka 2019 kampuni ya Spribe ilitoa mchezo uitwao Aviator, wenye kidege chekundu, na ndio uliopata jina duniani, Afrika Mashariki ikiwamo. Simu zetu zilikuwa zimekwisha kuandaa njia: tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, fedha imejifunza kusafiri kwa kidole. Baada ya kidege zikaja roketi, puto na vyombo vingine visivyo na idadi.

Kisha wenye kidege wakafikishana mahakamani. Kampuni nyingine yenye jina la Aviator, huko Georgia, ilidai kwamba jina na picha ya kidege ni vyake. Mwaka 2024 mahakama ya nchi hiyo ikaamua ilipwe fidia kubwa. Ugomvi haukukoma, mwaka 2025 ulikuwa umefika hata katika mahakama ya London. Angalia wanachogombea. Ni jina na picha. Namba inayopanda na kuanguka, ambayo ndiyo mchezo wenyewe, haikuwa na wa kuilinda.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilikuwa na jibu la kumpa kijana, lakini yeye alikwisha kulipata kabla yangu, asubuhi ile ile ya pili. Nilikuwa nimemsimulia habari za mzee, nikamletea karatasi yake, ili aone tofauti ya kitu cha asili na kitu cha kuiga. Anasoma uhasibu. Aliigeuzageuza, akaomba kalamu.

"Mechi nane, Mjomba, kila moja majibu matatu?"

"Naam. Kushinda, kushindwa, sare."

Akazidisha tatu kwa tatu mara nane. Zipo njia 6,561 za kuijaza karatasi ile. Kwa senti hamsini kila moja, anayetaka kuwa na uhakika angelipa shilingi 3,280 na senti hamsini. Zawadi ilikuwa 500. Mjuzi wa mpira angepunguza pengo kidogo, lakini pengo ni pengo: kwa anayejaza kila namna, mzee alirudisha chini ya sehemu moja ya sita.

Nilimwambia kwamba mzee alikuwa mtu mwema, na nikamkumbusha mke wa mvuvi. "Sikatai," alisema. "Lakini yule wa karatasi ya bluu alilipa ngapi?"

Nilikumbuka vizuri, kwa kuwa niliipanga namba ile kwa mikono yangu. Alilipa shilingi 500. Nilibadilisha jina na wino. Hesabu sikuigusa, wala hakuna aliyeniambia niiguse.

Tulikaa kimya. Miaka arobaini na saba niliona aibu kwa ajili ya visanduku vya mzee, na aibu ile ninaistahili, kwa sababu kazi ya mikono yake niliichukua bila kumwuliza. Lakini nilikuwa sijawahi kuifanya hesabu ya upande wa mvuvi. Malodi nao hawakuwa na sababu ya kuifanya, wala majaji wa Ulaya, wala wa Georgia. Aliyefika mbele yao alikuwa mwenye kamari na mwigaji wake. Sehemu inayobaki kwa mwenye mchezo ndiyo iliyoigwa tangu kengele ya Fey, na kwa hiyo hakuna aliyeishitakia.

Mpwa wangu hakuuliza tena mchezo wa kweli ni upi. Nami sikumkopesha. Nusu ya ada niliipeleka mwenyewe ofisi ya mhasibu wa chuo, nusu aliifanyia kazi likizo nzima akibeba mizigo. Karatasi ya mzee nimeirudisha katika bahasha yake. Nyuma yake, kwa mwandiko wa kijana, sasa imeandikwa namba 6,561.